Ugonjwa wa kusahau si uchawi, na kinga yake huanza mapema

Mzee anaanza kupotea njia ya kurudi nyumbani. Anauliza swali moja mara tano ndani ya saa moja. Anamtuhumu mkwe wake kwamba kamwibia fedha, kumbe fedha kazificha mwenyewe chini ya godoro. Katika familia nyingi mambo haya hupokewa kwa namna mbili. Wapo wanaosema, "Ni uzee tu, mwacheni." Na wapo wanaonong'ona kwamba mzee amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Kama daktari ninayehudumia watu wazima na wazee, nasema wazi kwamba kauli zote mbili si za kweli na zote mbili zina madhara. Ya kwanza inamnyima mzee matibabu. Ya pili inaweza kumgharimu uhai wake.

Wiki hii tuzungumzie dimensia, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la ugonjwa wa kusahau. Sizungumzi na wazee pekee. Nazungumza zaidi na wewe mzazi mwenye miaka 35, 40 au 50, kwa sababu ubongo utakaoutegemea ukiwa na miaka 75 unautunza au unauharibu sasa hivi.

Dimensia ni nini?

Dimensia si ugonjwa mmoja. Ni hali inayotokea pale seli za ubongo zinapoharibika na kufa kwa kiasi ambacho mtu anapoteza kumbukumbu, anashindwa kufikiri na kupanga mambo, na hatimaye anashindwa kujihudumia. Chanzo kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambapo protini zenye madhara hujikusanya ndani ya ubongo kwa miaka mingi kabla dalili ya kwanza haijaonekana. Kinachofuata ni kuharibika kwa mishipa ya damu inayolisha ubongo, jambo linaloletwa na presha, kisukari na kiharusi. Wazee wengi huwa na vyote viwili kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu amekosea.

Hapa Tanzania tuna ushahidi wetu wenyewe. Watafiti walipopita katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2010 na kuwapima watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, walikuta takriban asilimia 6.4 wana dimensia. Ni sawa na wazee sita katika kila mia moja. Wengi wa wazee wa aina hiyo hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa.

Nini kinaweza kuzuiwa?

Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la The Lancet ilitoa orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na ambayo yanaweza kubadilishwa. Mambo hayo ni elimu ndogo utotoni, kupungua kwa usikivu, lehemu mbaya nyingi katika damu, sonona, majeraha ya kichwa, kutoushughulisha mwili, kisukari, uvutaji wa sigara, presha, unene uliozidi, pombe nyingi, upweke, hewa chafu na kutoona vizuri kusikotibiwa. Tume ilikadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuiwa au kucheleweshwa.

Tuielewe vizuri namba hiyo. Si ahadi kwa mtu mmoja mmoja. Umri na urithi wa familia vina nafasi yake, na mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa bado akaugua. Lakini karibu nusu ya mzigo wa ugonjwa huu hauko mikononi mwa bahati wala mganga. Uko katika mambo tunayoyafanya kila siku.

Nikiwafikiria wasomaji wa Genkuru na vijiji vingine vya Nyamongo wilayani Tarime, na ndugu zao wa ng'ambo ya mto Mara wilayani Serengeti, naona orodha hii inawagusa moja kwa moja. Huko kuna presha isiyopimwa, kelele za mashine za kusagia mawe ya dhahabu, bodaboda wasiovaa kofia ngumu, moshi wa kuni, gongo, na mabinti wanaoachishwa shule. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Anza na presha

Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma makala hii, nenda kapime presha. Presha ya juu ikikaa miaka 20 bila kutibiwa huharibu mishipa midogo ndani ya ubongo polepole, sehemu moja baada ya nyingine, bila maumivu. Siku unapoanza kusahau, kazi ya uharibifu ilishafanyika zamani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ndio ufa wenyewe.

Katika vijiji hivyo hivyo vya Hai, uchunguzi mwingine ulikuta karibu wazee saba katika kila kumi wenye miaka 70 na zaidi wana presha ya juu. Waliokuwa wanajua ni wachache, waliokuwa wanatumia dawa ni wachache zaidi, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa walikuwa wachache mno.

Nchini Marekani, utafiti uliohusisha zaidi ya watu 9,300 wenye presha, ambao matokeo yake kuhusu ubongo yalitolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba walioshushiwa presha zaidi ya kawaida walipata udhaifu wa kumbukumbu wa hatua za mwanzo kwa uchache wa karibu asilimia 19 kuliko wenzao. Ni dawa zile zile za kawaida za presha, si kitu cha ajabu.

Kila mtu aliyefikisha miaka 40 apime angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anajisikia mzima. Ukikutwa na presha, dawa ni za kila siku. Usiziache kwa sababu kichwa kimeacha kuuma, wala usigawane na jirani. Kiwango unachotakiwa kufikia mpangiwe wewe na daktari wako, kwa sababu hakilingani kwa kila mtu. Na ukienda kupima presha, omba na sukari pamoja na lehemu vipimwe, kama kituo kina uwezo huo.

Masikio na macho

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa mambo yanayobeba uzito mkubwa zaidi katika ile orodha ya 14. Sababu haifichiki. Mtu asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na ubongo usiopata sauti na maneno hukosa kazi ya kufanya.

Anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga nafaka au karibu na milipuko ya miamba avae vizuia kelele masikioni. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Mzazi, sikio la mtoto linalotoa usaha si jambo la kusubiri likauke lenyewe, na wala si la kumiminiwa mafuta ya kupikia. Mpeleke kituo cha afya. Mzee anayeongeza sauti ya redio kila mwezi naye akapimwe. Wakati mwingine ni nta tu imejaa, na wakati mwingine anahitaji kifaa cha kumsaidia kusikia.

Kadhalika macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Usimwache mama yako aishi gizani kwa imani kwamba upofu ni haki ya uzee.

Linda kichwa

Pigo kubwa la kichwa linalomfanya mtu azimie huongeza hatari ya dimensia miaka mingi baadaye. Barabara zetu zimejaa bodaboda, na abiria asiye na kofia ngumu ni jambo la kawaida. Dereva unayesoma, nunua kofia mbili, yako na ya abiria. Mzazi, usikubali mtoto apakiwe mshikaki, watoto watatu kwenye pikipiki moja, kwenda shule.

Kuna na majeraha tunayopeana wenyewe, katika ugomvi wa mipaka ya mashamba, wa mifugo, na ndani ya ndoa. Rungu lililotua kichwani leo linaweza kudai malipo miaka 30 ijayo. Mwanamume anayempiga mkewe kichwani anaharibu ubongo utakaokuja kulea wajukuu wake.

Chakula, kinywaji na mwendo

Mkulima anayelima kwa jembe la mkono na kutembea kwenda shambani hahitaji kulipia ukumbi wa mazoezi. Mwili wake unafanya kazi tayari. Ninaowahofia ni wale walioacha jembe: mwenye duka anayekaa kutwa nzima, dereva, mfanyakazi wa ofisini, na mstaafu aliyekabidhi ng'ombe kwa vijana na kubaki kwenye kiti. WHO inashauri angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayokufanya uhemee juu kidogo. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, inatosha. Kucheza ngoma ya litungu kwenye sherehe nako kumo, maana mwili na akili vinafanya kazi pamoja.

Kuhusu chakula, mkoa wa Mara una bahati. Ugali wa mtama, wimbi au muhogo, mboga za majani kama mgagani, mnafu, mchicha na kisamvu, maharage, matunda, pamoja na dagaa na samaki wa Ziwa Victoria, ni mlo mzuri kwa moyo na kwa ubongo. Tatizo ni yale tunayoongeza. Nyama choma yenye mafuta kila mwisho wa wiki, chumvi inayonyunyiziwa mezani juu ya chumvi ya jikoni, soda, na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Chumvi yote unayokula kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu ile ya kwenye mboga, kachumbari na vitafunwa vya dukani.

Pombe nyingi ni sumu ya ubongo, na gongo ni hatari kuliko zote kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo ndani. Mlevi wa miaka mingi asiyekula vizuri hukosa vitamini B1, na ukosefu huo peke yake unaweza kumfutia kumbukumbu. Sigara nayo huziba mishipa ile ile ambayo presha inaiharibu. Ukiacha leo, hata kama una miaka 60, hatari inaanza kupungua.

Moshi wa jikoni, na macho mekundu

Mama anayepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha anavuta moshi saa kadhaa kila siku ya maisha yake. Moshi huo hudhuru mapafu, moyo na ubongo. Serikali imeweka mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kabla gesi haijafika kwako, pikia nje inapowezekana, fungua dirisha au toboa tundu la moshi, tumia kuni zilizokauka vizuri, na usimbebe mtoto mgongoni unapopuliza moto. Na anayechoma dhahabu kwa zebaki ndani au karibu na nyumba ajue kwamba mvuke wake ni sumu ya mishipa ya fahamu, kwake na kwa watoto waliolala chumba cha pili.

Moshi huo huo ndio unaowafanya bibi zetu wawe na macho mekundu. Na katika Kanda ya Ziwa, macho mekundu yamewahi kutosha kumfanya ajuza aitwe mchawi, na wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Sasa mfikirie bibi mwenye macho mekundu ambaye pia ana dimensia. Anatembea usiku kwa sababu ubongo wake haujui tena kama ni usiku au mchana. Anakutwa uani kwa jirani kwa sababu amepotea. Anazungumza peke yake, na anawaita watu waliokwishakufa kwa sababu kumbukumbu za zamani ndizo zilizobaki. Kila dalili ya ugonjwa wake inasomwa kama ushahidi dhidi yake. Ndiyo maana nasema elimu hii si ya anasa. Inaokoa maisha.

Usimwache mzee peke yake

Upweke na sonona vimo katika ile orodha. Mzee anayehudhuria ritongo na kusikilizwa, anayecheza bao, anayeimba kwaya, anayekaa na wajukuu na kuwasimulia historia ya ukoo, anaupa ubongo wake mazoezi ambayo hakuna kidonge kinachoyatoa. Tunapokosea ni pale tunapomstaafisha kila kitu kwa jina la heshima. Mwachie kazi anazoziweza: kuchambua maharage, kuhesabu mbuzi, kuamua mashauri madogo ya nyumbani.

Nchini Finland, watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kwa pamoja mlo bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa presha na sukari. Baada ya miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba uwezo wao wa akili uliimarika zaidi kuliko wa wenzao. Kwa hiyo hata aliyefikisha miaka 70 hajachelewa.

Shule ya binti yako

Wazazi, hili ni lenu. Mtoto anayesoma anajenga miunganiko mingi ndani ya ubongo, nayo ni kama ghala la chakula. Njaa ikija uzeeni, mwenye ghala kubwa huchelewa kuishiwa. Elimu ndogo utotoni imo katika orodha ya tume ile, na ina uzito mkubwa kuliko pombe au unene.

Tangu mwaka 2016 hakuna ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 binti aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Kwa hiyo binti anayekeketwa na kuozwa akiwa na miaka 14 ili mahari ya ng'ombe ipatikane hapotezi cheti pekee. Anaumizwa mwili leo, na anapunguziwa kinga ya ubongo atakayoihitaji akiwa bibi. Ng'ombe wa mahari watakuwa wamekwisha zamani, na atakayemlea akiwa amepoteza kumbukumbu ni mjukuu wako.

Lini umpeleke hospitali?

Kusahau ulipoweka funguo kisha ukakumbuka ni kawaida. Mpeleke mzee akapimwe akianza kupotea njia anayoijua, kurudia maswali, kushindwa kupika au kuhesabu fedha kama zamani, kukosa maneno ya kawaida, au tabia yake kubadilika bila sababu.

Mabadiliko ya ghafla ni jambo tofauti. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo haeleweki anachosema ana dharura. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kiharusi, au sukari iliyoshuka. Mpeleke siku hiyo hiyo. Na wapo ambao kusahau kwao kunatibika, kwa sababu chanzo ni sonona, upungufu wa vitamini B12, tatizo la tezi ya shingo, kaswende, au dawa wanazotumia. Huwezi kulijua hilo bila kupima.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji mashine. Watafiti waliofanya kazi Hai walitengeneza kipimo kwa ajili ya wazee wasiosoma: mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, hutajiwa maneno na kutakiwa kuyakumbuka baadaye, hutaja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, na hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Hakuna kalamu wala karatasi kwa mzee.

Dimensia yenyewe haina dawa ya kuiponya. Lakini mgonjwa aliyetambuliwa mapema hutibiwa presha na sonona, familia hufundishwa namna ya kuishi naye, na anaepushwa na tuhuma. Huko huko Hai, vikao vya makundi vya kuwachangamsha akili wagonjwa vilionekana kuwasaidia.

Wito wangu

Kwa viongozi wa halmashauri: zahanati yenye kipimo cha presha lakini isiyo na dawa za presha inampa mgonjwa habari mbaya bila msaada. Dawa hizi zipatikane kijijini, si mjini tu. Dirisha la wazee liwe na mhudumu anayejua kuuliza kuhusu kumbukumbu. Na wazee wa mila, ambao neno lenu lina nguvu kuliko langu, tamkeni hadharani kwamba kusahau ni ugonjwa.

Kwako msomaji, mambo matatu wiki hii. Pima presha yako na ya mzazi wako. Hakikisha kila binti wa nyumba yako yuko darasani. Na kama kuna bibi au babu anayesemwa vibaya hapo mtaani kwa sababu anasahau au anatangatanga usiku, usiwaunge mkono wanaonong'ona. Mshike mkono umpeleke kituo cha afya.